Kiti cha Mama Mkwe

Magari yote mawili yalitoka kwenye ua mmoja. Yalikuwa ya Mzungu aliyesimamia kazi za barabara, ambaye muda wake ulikuwa umekwisha na alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Yalikuwa magari ya zamani, ya kabla ya vita, na hakuona sababu ya kuyapakia melini. Watu wote wa mjini Bukoba waliyafahamu. Moja aliliendesha mwenyewe jioni kando ya ziwa, paa limefunuliwa. Lingine mkewe alilitumia kupeleka watoto kanisani na kwenda sokoni.

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa kahawa. Alizunguka Kanazi na Kemondo hadi kwetu Izigo, sehemu ambayo siku hizi inahesabiwa Muleba, akiingia kwenye vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba na kahawa, na kutia mkono katika mikeka ya kahawa iliyoanikwa. Miaka ile kahawa ilikuwa imetufanya tujione watu. Aliponiambia tutakwenda kununua gari kwa Mzungu, nilivaa gauni langu la kanisani, nikambeba mtoto mdogo mgongoni, nikamfuata. Jirani yetu, mzee mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na aliyekuwa na duka la nguo na mafuta ya taa, alikuja pia na mkewe, maana naye alikuwa akitafuta gari.

Nililitazama kwanza gari la mbio. Lilikuwa jekundu lililochujuka, rangi ya ini lililokaa juani. Lilikuwa na viti viwili tu, na nyuma ya viti kulikuwa na nafasi nyembamba ambayo hata kikapu cha ndizi kingeingia kwa kulazimishwa. Paa lake lilikuwa turubai lenye matundu. Boneti ilifungwa kwa mkanda wa ngozi kama mzigo. Lilikaa chini sana, hata nikajiuliza litapita vipi katika njia zetu zenye nyasi katikati. Mume wangu alijitumbukiza ndani, akashika usukani, akafumba macho. Kisha akapenyeza mkono chini ya kiti cha abiria na kutoa soksi ndefu ya kike, nyembamba, imekakamaa kwa vumbi na jasho la mwanamke nisiyemjua. Aliiinua ili mimi na jirani tuione, akacheka. Baadaye niliikuta mfukoni mwa koti lake.

Gari la pili lilikuwa jeusi, la milango minne, mgongo wake wa mviringo. Sitasema lilinipendeza. Kiti cha nyuma kilinuka maziwa yaliyochacha na matapishi ya watoto, mbwa walikuwa wameacha manyoya yao kila mahali, na panya walikuwa wamezaliana ndani ya sponji. Lakini kiti chenyewe kilikuwa kirefu kama kitanda. Milango ilifunguka wazi, mtu mzima akaingia bila kujikunja. Paa lilikuwa la chuma. Lilisimama juu ya magurudumu yake kama kitu kilichojua kwamba barabara ina mawe.

Nikamwambia mume wangu kwa sauti ya chini, "Baba watoto, tuchukue hili. Tuna watoto, na wazazi wetu wanazeeka."

"Hilo ni gari la mayaya," alisema. "Unataka nionekane naendesha gari la mayaya?"

"Lile tutakaa wapi sisi?"

"Mtakaa nyumbani," alijibu, na Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuelewa, alicheka naye.

Basi tukaondoka na gari jekundu. Jirani akachukua jeusi. Mkewe alitumia siku nzima akilisugua kwa sabuni na maji ya ndimu, akatupa sponji yenye panya, akajaza pamba na kushonea kitambaa cha maua. Baada ya hapo, lile gari likawa la kila mtu. Lilipeleka maharusi, lilipeleka maiti, lilibeba magunia ya mchele na mbuzi wa Idi. Mzee alikula tambuu akiendesha na kutema nje dirishani, na upande ule wa gari ulikuwa na michirizi myekundu ambayo sikuweza kuitazama baada ya kula. Siku alizokwenda Kemondo alikuwa akirudi na matenga ya samaki, maji yake yakachuruzika sakafuni yakakaukia humo. Ukilisogelea jua likiwa kali, ulilazimika kupumua kwa mdomo.

Letu lilikuwa na harufu yake. Mama yangu alikuwa akitutumia samli kutoka Izigo, amefunga kibuyu kwa jani la mgomba, samli ya kumpaka mtoto na kuungia chakula. Siku moja nilikuta kibuyu kitupu. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye gari, ameshika nepi ya mtoto, anapaka viti vile vya ngozi samli ya mama yangu, taratibu, kila mshono, kama mtu anayempaka mgonjwa dawa.

"Ngozi inataka mafuta," alisema.

Baada ya wiki chache ile samli ilioza. Sisimizi wakapanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye kiti, inzi wakakaa juu ya usukani, na yeye mwenyewe akawa anarudi nyumbani akinuka siagi iliyochacha pamoja na manukato. Hakuacha. Alinunua miwani mikubwa ya kuzuia vumbi na glovu zilizokatwa vidole. Jioni alizunguka ufukweni na rafiki zake, mmoja mmoja, kwa sababu gari halikubeba zaidi, na watu walisimama barabarani kumwangalia. Wanaume wenye akili zao, wenye wake na mashamba, walikuwa wakipapasa boneti ile kama wanapapasa ng'ombe wa mahari. Niliwaona dirishani, nikalifunga.

Kisha ikaja habari kutoka Izigo kwamba mama ni mgonjwa.

Aliyeleta habari alikuwa mke wa kaka yangu, aliyepanda lori la kahawa asubuhi. Alisema mama alikuwa na jipu pajani, juu kabisa, limevimba hata hawezi kusimama, na homa haishuki. Walikuwa wamejaribu majani, halijapasuka. Padri alikuwa amesema apelekwe hospitali Bukoba. Nilimwachia wifi watoto. Mume wangu, bila kuombwa mara mbili, akawasha gari. Nampa haki yake: hakusita. Nadhani hata alifurahi kwamba ukoo wangu mzima ungemwona akifika.

Tulifika na vumbi letu. Nyumba ilijaa majirani. Mama alikuwa amelazwa kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, uso umekonda, macho yanang'aa kwa homa. Nilipofunua shuka nilisikia harufu. Paja lilikuwa limevimba kama mkungu mdogo, ngozi imekaza na kung'aa, katikati ina weusi.

"Mae," nilimwita kama tulivyomwita utotoni, "tumekuja na gari. Twende hospitali."

"Gari gani?"

"La mume wangu."

Aligeuza uso ukutani. "Lile la watu wawili? Nitakaa wapi?"

Kila mtu chumbani alijua kwa nini aliuliza. Kwetu mkwe na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha kando na kuangalia chini. Mama yangu alikuwa hajawahi kukaa chumba kimoja na mume wangu mlango ukiwa umefungwa. Sasa alitakiwa kukaa naye bega kwa bega ndani ya kile kijisanduku, paja lake bovu likigusana na mkono wa mkwe kila anapobadilisha gia.

Kaka yangu alitoka nje akazungumza na wanaume. Walikubali kumbeba kwa machela hadi Kemondo, ambako huenda lingepatikana lori. Mume wangu aliposikia hivyo alikasirika.

"Mimi niwe na gari, halafu mama mkwe wangu abebwe kwa machela kama maiti? Watu watasemaje?"

"Watasema anaheshimiwa," kaka yangu alisema.

"Watasema gari langu si kitu."

Kaka aliona kama mimi kwamba mtu yule hakuwa akizungumza habari za mama. Lakini homa ilikuwa kali, Kemondo kwa miguu ni mbali, na lori halina ahadi. Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Aliomba apewe kanga ya kujifunika uso, akasema, "Nipelekeni. Nitajifanya nimekufa."

Walimbeba hadi kwenye gari. Mume wangu akasema wasubiri. Alifungua nyuma, akatoa gunia tupu la kahawa, akalitandika kwenye kiti, akalichomeka vizuri pembeni hata ngozi isionekane.

"Hilo gunia la nini?" mama aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Usiteleze, Mama," alijibu.

Lile gunia la katani linakwaruza hata mtu mzima wa afya. Nilitaka kulitoa, ila mama alikuwa tayari mikononi mwa wanaume watatu na kila walipomtikisa aliguna. Wakamtumbukiza. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yake yakapanda hadi kifuani, na paja likakunjwa pale pale penye jipu. Hakulia. Alishika mlango kwa mikono miwili na kujisogeza upande wake mpaka nusu ya mwili ilikuwa karibu kutoka nje, ili asimguse mkwe. Mimi nikapanda nyuma, juu ya ule mgongo wa gari, miguu nimeiingiza kwenye nafasi nyuma ya viti, furushi langu la nguo safi za mama mapajani.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Izigo. Nyasi za katikati ya njia zilikwaruza tumbo la gari. Kila jiwe lilipanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wa mama. Nilikiona kichwa chake kikiruka chini ya kanga. Nilimwomba mume wangu apunguze mwendo. Alisema gari la namna ile likienda polepole injini inaharibika. Tulipopita kwenye makundi ya watu alipiga honi.

Tulikuwa tumeipita Kemondo kidogo, kwenye mteremko wenye mawe, jipu lilipopasuka. Sikuona, nilisikia. Mama alitoa sauti fupi kama mtu anayeshangaa, kisha harufu ikatupiga. Sijawahi kuisahau: tamu, nzito, ya nyama iliyokaa. Mume wangu alikanyaga breki hata nikagonga kidevu kwenye kiti chake. Akaruka nje, akakimbia mbele hatua kadhaa, akageuka na kutazama. Hakumtazama mama. Alitazama kiti.

"Mtoe," alisema. "Mtoe haraka, inaingia kwenye mshono."

Nilimshika mama kwapani. Nilimvuta peke yangu, maana mkwe hangeweza kumgusa, na hapo mila ilimfaa sana. Tulianguka pamoja kwenye nyasi kando ya barabara. Usaha na damu vilikuwa vikimtiririka mguuni hadi kwenye kisigino, na mama, mwanamke ambaye hakuwahi kutoka nje bila kujifunga kanga mbili, alikuwa amekaa mchana mweupe barabarani, shuka limefunuka, akijaribu kujifunika kwa mikono. Nilinyoosha mkono nyuma kuchukua nguo kutoka kwenye furushi. Furushi halikuwepo. Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa amelifungua juu ya boneti. Alikuwa ameinama juu ya kiti na kanga mpya ya mama, ile aliyoiweka kwa ajili ya hospitali, na alikuwa akifuta ngozi. Alifuta kwa uangalifu, akiikunja kanga kila mara apate upande msafi. Alipomaliza ya kwanza akachukua ya pili.

Nilimwita. Alisema, "Ngoja kwanza, ikikauka haitoki."

Nilikuwa nimewahi kuosha maiti ya shangazi yangu. Nilikuwa nimeosha nepi, nimefuta matapishi, nimekamua majipu ya watoto. Sikuwahi kuona kinyaa kama nilichokiona kwa mgongo ule ulioinama, na mikono ile yenye glovu zilizokatwa vidole. Nilivua kilemba changu nikambana nacho mama kidonda, nikakaa mbele yake ili wapita njia wasimwone.

Gari jeusi lilitokea nyuma yetu, likitoka Kemondo. Tulilisikia kabla ya kuliona, na upepo ulileta harufu ya samaki wake kabla ya vyote viwili. Mzee alisimama. Mkewe alishuka kabla gari halijatulia vizuri, akatutazama, akalitazama gari jekundu na mtu aliyekuwa ndani yake akifuta.

"Mdogo wangu, shika miguu," aliniambia. "Mimi nashika huku."

Alivua kanga yake ya juu akamfunika mama. Mzee alitoa matenga ya samaki kwenye kiti cha nyuma, mengine akayapandisha juu ya paa na kuyafunga kwa kamba, moja akaliweka mbele miguuni pa mkewe. Alifanya hayo yote akiwa amempa mama mgongo, kwa adabu. Tukamlaza kwenye kiti kirefu, miguu imenyooka, kichwa chake mapajani mwangu. Mume wangu alikuja dirishani.

"Nitawafuata," alisema. "Niacheni kidogo kiti kikauke."

Mzee alitema tambuu upande wa pili, akaingiza gia.

Ningependa kusema nilistarehe mle ndani. Ukweli ni kwamba maji ya samaki yaliingia kwenye viatu vyangu, magamba yalinata kwenye mikono, na ile harufu ilipochanganyika na ya usaha, nilitoa kichwa dirishani nikatapika. Mama alifungua macho.

"Ni harufu yangu au ya samaki?" aliuliza.

"Zote mbili, Mae."

Alicheka. Alicheka kidogo, akashika paja lake, akaacha kucheka. Gari liliyumba polepole kama ng'ombe mwenye mimba, na kwenye mawe halikuruka. Kabla ya kufika Kanazi alikuwa amelala.

Hospitali walimpasua pale palipobaki, wakamsafisha, wakasema tungechelewa siku chache damu yote ingeoza. Mume wangu alifika jioni. Alisimama mlangoni mwa wodi, leso puani, akamsalimia mama kwa mbali kama inavyopasa. Kisha akamvuta pembeni muuguzi, dada mmoja wa Kihaya mwenye sauti kavu, nikamsikia akimuuliza ni dawa gani huondoa usaha kwenye ngozi.

"Ngozi ya mgonjwa?" muuguzi aliuliza.

"Ya kiti."

Yule dada alimtazama, akanitazama mimi, akaenda zake na beseni lake.

Mama alipotoka nilirudi naye Izigo kwa gari jeusi, watoto wangu nao ndani, ili nimuuguze. Kaka na wazee wa ukoo walimtaka mume wangu alete mbuzi na pombe ya lubisi, aombe radhi kwa sababu mama alikaa naye namna ile, na kwa kanga zake kutumiwa vile. Hayakuwa mambo magumu. Alijibu kwamba huo ni ushamba, na kwamba alikuwa ameokoa maisha ya mtu.

Alikuja kunichukua baada ya miezi kadhaa. Alilisimamisha gari uani, limepakwa rangi upya. Sikuwa nimeamua lolote. Nilikuwa hata nimeanza kukunja nguo za watoto. Alinishika mkono kwa furaha, akaniongoza hadi upande wa abiria.

"Gusa," alisema. "Nimekivisha upya kiti chote. Gusa uone. Huwezi kujua kwamba kulitokea kitu."

Nilikigusa. Kilikuwa laini sana. Niliingia ndani ya nyumba nikafunga mlango wa jikoni, nikakaa karibu na mafiga hadi aliposikika akiondoka.

Padri aliniita. Aliniambia kwa upole kwamba ndoa ni sakramenti na haivunjwi kwa sababu ya kiti cha gari.

"Sijaivunja, Padri," nilimwambia. "Nimeshuka tu."

Hakulipenda jibu hilo, lakini alinipa kazi ya kuwafundisha wasichana wa parokia kushona, na kwa kazi hiyo na kibanja cha mama tuliishi. Watoto walikwenda kwa baba yao likizo. Mama alichechemea kidogo, akalima tena. Mke wa jirani alikuja kututembelea kila alipopita Kemondo, na mama alimwita binti yake.

Miaka michache baadaye binti yangu mkubwa alipokea komunyo ya kwanza, na baba yake alikuja kwenye sherehe. Alikuwa amenenepa, bado anapendeza. Watu walipokuwa wakila ndizi na nyama alisimama kuzungumza, akawasimulia wageni jinsi alivyomwokoa bibi wa mtoto huyu. Alisimulia vizuri. Alieleza mwendo, mteremko, mawe, injini iliyonguruma. Alieleza jinsi alivyomfikisha hospitali roho ikiwa mkononi. Gari jeusi halikuwemo. Wageni walipiga makofi, na mzee mmoja wa kanisa akasema vijana wa namna hii ndio wanaotakiwa.

Mama alikuwa ameketi na wanawake kwenye mkeka. Hakuinua uso. Aliniashiria kwa kidole nikainama.

"Niondoe hapa," alisema. "Chakula hakishuki."

Nilimshika mkono, tukapita nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, tukakaa huko wawili mpaka hotuba zikaisha.